Vitako Vilivyobaki Ukutani

Mama alikuwa anaanza, Mama Mdogo anamaliza. Ndivyo walivyosuka vikapu maisha yao yote, dada wawili katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Ukiwauliza fundi hasa ni nani, kila mmoja alikuonyesha mwenzake kwa kidevu. Mama alisuka kitako, lile duara la chini ambalo kikapu kinasimama juu yake, na kikishafika upana wa kiganja alikitundika msumarini. Mama Mdogo alikitungua, akakipandisha ubavu, akatia rangi, akafunga ukingo. Wateja walimsifu yeye, maana hakuna anayepindua kikapu ili asifu chini yake.

Mama alipofariki aliacha ukuta mzima wa vitako. Siku zake za mwisho alivianza kimoja baada ya kingine, kwa haraka isiyokuwa yake, mpaka mimi binti yake nikamwuliza anafukuzwa na nani. Alicheka tu. Presha ikamchukua ghafla, hata kuagana hatukuagana.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyesema hivyo hakuwahi kuingia chumba kile. Kila asubuhi Mama Mdogo alifungua mlango, akakiamkia kigoda cha Mama kilichokuwa chini ya dirisha, “Shikamoo, dada,” kisha akasubiri kidogo ndipo akaketi kwenye mkeka wake. Kigoda hakikaliwi, hata na mteja mwenye mguu mbovu. Mimi nina cherehani yangu mtaa wa pili na sina muda na mambo ya mizimu, tena ukindu unanipa chafya. Lakini nilipokuwa napita pale nilisikia harufu ya majani yaliyolowekwa, na ndoo nikaikuta kavu, imefunikwa. Siku nyingine, nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo, nilisikia kikohozi kidogo, kile cha Mama cha kusafisha koo. Niligeuka mbio. Mama Mdogo hakuinua macho.

“Kumbe na wewe unamsikia,” alisema.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliona wivu pia. Mtoto ni mimi, na bado Mama alikwenda kukohoa kwa mwingine.

Kilichotutisha zaidi ni ukuta wenyewe. Kila kikapu kilichokamilika kiliacha msumari mtupu, na Mama Mdogo hakujua kuanza. Watu hawaniamini nikiwaambia. Mwanamke amesuka tangu usichana, ukingo wake hauna mfano mjini, lakini mpe chane tupu, yale majani ya ukindu yaliyopasuliwa membamba, umwambie aanze, zinamfumukia mkononi. Duara linataka kubanwa, kuzungushwa na kuvutwa kwa pamoja. Akivuta upande huu, ule unaachia. Vitu alivyotoa, na ninasema hivi kwa heshima zote, kuku asingekubali kutagia humo.

Fundi mmoja wa sokoni alijitolea kumwonyesha. Huyo huanza kwa fundo, kama wasusi wengi, na fundo linabaki limetuna katikati, kikapu kinayumba ukikiweka mezani. Vitako vya Mama havikuwa na fundo wala tundu. Mama Mdogo alimshukuru yule bwana, akamtengenezea chai, na hakumwita tena.

Nilimwuliza kwa nini Mama hakumfundisha. Akanieleza. Zamani, kabla sijazaliwa, alitaka kuondoka. Kuna mwanamume aliyemwahidi chumba chake mwenyewe upande wa pili wa mji, naye akafunga virago. Mama hakumzuia. Alimwuliza tu, huko aendako ataanza na nini. Swali lile lilimchoma, wakarushiana maneno yasiyorudishika. Mwanamume akapata mwingine, kama kawaida yao. Mama Mdogo akabaki.

Kabla ya ugomvi hakuwa mtu wa kuwahi. Alizoea kukuta vitako tayari ukutani. Sasa akawa anadamka, wapate kupatana. Asubuhi ya kwanza alimkuta dada yake amegeukia dirisha, anaanza kitako. Akamwamkia. Kimya. Asubuhi ya pili, kimya. Mama alikaa vile, mgongo kwa mlango, mpaka duara liliposhika, ndipo akageuka na kuulizia habari za nyumbani kana kwamba hakuna kitu. Ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi.

“Hakunisamehe,” Mama Mdogo alisema. “Kila alipoanza alininunia, na mwanzo wake akanificha. Sasa anakuja kukohoa. Anataka nini kwangu?”

Mama niliyemjua mimi hakuweza kununa hata robo saa.

Kilipobaki kitako kimoja nilikwenda kukichukua. Nilitaka kukitundika kwangu juu ya cherehani, kiwe cha mwisho cha mkono wake, kisiguswe. Nikamkuta amekwisha kukitungua, kipo mapajani mwake, na sindano nene mkononi. Aliniambia anakifumua. Mwanzo upo humo ndani, alisema, na asipouona hana kazi tena, na chumba kitafungwa.

Nilimjia juu. Nilimwambia atakuwa amemwua Mama mara ya pili. Ni neno baya, na nilipolisema nilitazama kigoda bila kutaka. Mama Mdogo hakunijibu kwa hasira.

“Mwanangu,” alisema, “wewe unataka cha kutazama. Mimi nataka cha kufanya kesho.”

Nikakaa sakafuni karibu yake. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka mapajani mwake. Alifumua polepole, akilaza kila chane kwa mpangilio wake, akinitajia ilikopita. Duara likapungua, likawa kama kifungo cha koti, halafu ikabaki chane moja, ile iliyoanza yote, imejikunja katikati. Akainyoosha juu ya kidole.

Karibu na ncha palikuwa na alama, mashimo madogo yamedidimia kwenye jani. Alidhani ni wadudu. Mimi nikazitambua. Jino la mbele la Mama lilipanda juu ya jirani yake, na lilikuwa limejichora pale, limepinda vilevile.

Mwanzo unataka mikono mitatu. Mama alikuwa na miwili, wa tatu ulikuwa mdomo. Aling'ata ncha ya chane ya kwanza akaivuta ikakaza, mikono yote miwili ikafanya kazi, na alielekea dirishani kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga.

Mama Mdogo alipitisha kidole juu ya zile alama.

“Hakuwa amenuna,” alisema. “Alikuwa amebana meno.”

Alinyanyuka, akakalia kigoda, akageukia dirisha. Aliilowesha chane ileile, akaing'ata palepale penye alama, akavuta. Kwa nyuma niliona viwiko vyake vikizunguka, na mabega yakitikisika. Nilimwuliza kama analia. Hakunijibu, na sikumwuliza tena mpaka duara liliposhika.