Tumbo la Mjomba Masanja

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale Usoke, nilikuwa na kazi moja kila Jumapili ambayo hakuna aliyenituma: kulikagua tumbo la Mjomba Masanja. Yeye alikaa benchi la mbele pamoja na wazee wa kanisa. Mimi nilikaa upande wa wanawake, ubavuni mwa bibi yangu, na watu walipofumba macho kwa sala, yangu yalibaki wazi yakipima vifungo vya shati lake. Kwetu iliaminika kwamba anayekula asali ya mzinga wa wizi huvimba tumbo mpaka linapasuka. Sikutaka siku hiyo inipite.

Mizinga aliyoiiba ilikuwa kumi na minne, na ilikuwa ya bibi. Babu alikuwa mrina asali, kama baba yake na babu yake, ambao inasemekana waliwauzia asali wapagazi wa misafara iliyokuwa ikipita hapo kwenda Ujiji. Alipougua ugonjwa wa mwisho aliwaita ndugu, akasema wasikie wote kwamba mizinga anamwachia mkewe. Bibi hakuwa na tegemeo jingine. Mizinga ile ndiyo iliyokuwa chumvi yetu, sabuni yetu, na sare yangu ya shule, maana mama yangu alikuwa akifanya kazi za watu Tabora mjini na alichotuma hakikutosha.

Masanja alikuwa mpwa wa babu, na ndiye aliyefuatana naye porini miaka yote. Aliujua kila mti. Matanga hayajapoa, akapanda miti yote, akaifuta kwa shoka alama ya babu kwenye kila mzinga, akachonga yake. Bibi alipokwenda kumuuliza nilikuwa nimeshika upindo wa kanga yake.

"Mama, mwanamke hapandi mti wa nyuki," Masanja alimwambia, kwa upole kabisa. "Akipanda, nyuki wanahama. Sasa mizinga utaifanyia nini?"

"Nitamlipa mtu anipandie. Wewe umeulizwa habari ya mizinga ya nani, si habari ya kupanda."

Wazee wa kijiji walikaa, wakakohoa, wakasema jambo hili ni la ukoo. Wazee wa ukoo nao wakakohoa, wakasema wanawake hawarithi nyuki. Mchungaji akamshauri bibi asamehe kwa ajili ya amani. Bibi akamjibu kwamba kusamehe atajaribu, lakini kutamka kuwa mizinga ni ya Masanja hawezi, kwa kuwa huo utakuwa uongo, na uongo yeye mchungaji ndiye aliyemfundisha kuwa ni dhambi. Nilimpenda sana bibi siku hiyo.

Basi ikabaki kungoja tumbo. Na tumbo, kwa kweli, likaanza kukua. Kumbe mwenzangu alikuwa ananenepa. Asali ilikuwa imemnunulia bati za nyumba, kisha baiskeli mpya, kisha nyama kila mwisho wa wiki, na vifungo nilivyokuwa nikivikagua vilikuwa vinabanwa na shibe. Mke wake alishona gauni jipya kwa ajili ya Pasaka. Mimi sare yangu ilikuwa na kiraka cha rangi nyingine makalioni, na darasani waliniita Bendera.

Jirani yetu Mama Kulwa hakuweza kuvumilia. Alikuja jioni moja wakati bibi anapepeta karanga, akamwambia yuko mtaalamu upande wa Bukene, akipewa jina tu, nyuki wanatumwa.

"Mungu si mbwa wangu, nimwambie shika," bibi alisema, bila kuacha kupepeta.

"Lakini Mungu mwenyewe si unamwona amenyamaza?"

"Namwona. Nami namwambia kila siku kwamba namwona amenyamaza. Hayo ni yangu na yeye."

Mama Kulwa akageuka kwangu, akacheka kidogo, akasema hata bila mtaalamu wazee wa zamani walikuwa na njia yao. Mwenye mali, au damu yake, alikwenda kwenye mti wenye mzinga wake, akagonga shina mara tatu, akataja jina la mwizi. Nyuki walimtafuta huko huko alipo. Bibi alimkemea asimjaze mtoto upuuzi. Mtoto alikuwa ameshajaa.

Siku ya pili yake, baada ya shule, nilichukua mchi wa kinu nikauweka begani. Mzinga wa karibu ulikuwa kwenye mninga, ng'ambo ya shamba la tumbaku. Jua lilikuwa kali na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa fujo. Niligonga mara ya kwanza nikasema Masanja. Nikagonga ya pili. Ya tatu niligonga kwa nguvu zangu zote, kwa ajili ya kile kiraka, na juu kukatokea mvumo ambao sijapata kuusikia tena. Nilitupa mchi nikakimbia. Nilipofika katikati ya tumbaku nikacheka peke yangu, kwa sababu nilijua wanakwenda kwake.

Kisha nikasikia mtoto akilia.

Alikuwa Shija, mtoto wa mwisho wa Masanja, mwenye miaka sita. Alikuwa akipita chini ya mti ule na mbuzi wa baba yake. Nilimwona akizunguka mahali pamoja, mikono usoni, na kichwa chake kimekuwa cheusi kwa nyuki. Sikuthubutu kumkaribia. Nilikimbia nyumbani nikamwambia bibi, na nikamwambia pia nilichokifanya, maneno yote kwa pumzi moja.

Bibi alichovya blanketi kwenye pipa la maji, akachukua kijinga cha moto jikoni, akaenda. Sijui mwanamke wa umri ule aliipata wapi mbio ile. Alimfunika Shija, akamkumbatia, akatoka naye ndani ya moshi huku nyuki wakimng'ata yeye shingoni na mikononi. Aliketi naye kwenye kivuli, akaanza kuitoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja. Mtoto hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisimama pale nikimwomba Mungu afute niliyoyasema mtini.

"Umemtuma," bibi alisema bila kuinua macho. "Umesema shika. Haya, mtazame aliyeng'atwa."

Hakunichapa. Mpaka leo natamani angenichapa.

Alimbeba Shija mgongoni hadi kwa Masanja, na Masanja akampakia kwenye baiskeli ile mpya hadi zahanati. Mtoto alilala huko siku nne, uso umevimba hata macho hayaonekani, halafu akapona. Mimi ni mtu mzima sasa, najua kwamba ukiligonga shina lenye mzinga kwa mchi wakati wa joto, nyuki watamng'ata yeyote aliye karibu, uwe umetaja jina au hukutaja. Lakini yale niliyoyataka moyoni nilipokuwa nikigonga, hayo hayahitaji nyuki kuyaeleza. Bibi alinipeleka kwao nikakiri mwenyewe mbele ya wazazi wa Shija, nikapiga magoti.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Masanja alikuja kwetu amevaa koti, akifuatana na wazee wawili wa kanisa. Mkononi alikuwa na dumu la asali la lita tano. Mimi nilikuwa sijaonja asali tangu babu afe, na nililiona dumu kabla sijamwona aliyelibeba.

"Mama, umeniokolea mtoto," alisema. "Nimekuja kushukuru. Pokea hii."

Shingo ya bibi ilikuwa bado imevimba. Alimkaribisha kiti, akawakaribisha wazee, akamuulizia hali Shija, akashukuru Mungu. Kisha akaliangalia dumu.

"Baba Shija, asali hii umeirina mti gani?"

Masanja akatabasamu, akawatazama wenzake.

"Mtoto wako ni mjukuu wangu, sikudai shukrani. Lakini mali yangu siipokei kama zawadi. Nirudishie mizinga, mimi ndiye nitakayekuletea asali."

Mzee mmoja akasema jamani, mama, leo si siku ya hayo. Bibi akamwambia basi amtajie siku yenyewe, naye atangoja. Masanja akainuka taratibu, akachukua dumu lake, akaondoka nalo. Niliingia jikoni nikalia, na sitawadanganya, nililia kwa sababu ya asali.

Mizinga haikurudi. Masanja alifungua duka, baadaye akanunua lori la kusomba tumbaku. Bibi alilima vibarua mpaka nikamaliza darasa la saba, kisha mama akanichukua mjini. Bibi alifariki akiwa hajapata hata mzinga mmoja, na kila jioni ya maisha yake alimkumbusha Mungu habari hiyo, kwa sauti, bila kumtakia Masanja ubaya na bila kumsafisha. Watu husema malipo ni hapa hapa duniani. Mimi nimekaa hapa hapa duniani miaka arobaini na ushee, na Mjomba Masanja anakula vizuri. Siamini msemo huo. Namwamini Mungu, ambalo ni jambo jingine, na namwomba kama bibi alivyomwomba, nikimwambia waziwazi kwamba amechelewa na kwamba sijaondoka mlangoni.

Mwaka jana Shija alimwoza binti yake, akanialika. Yeye na mimi tumekuwa marafiki tangu siku ile ya nyuki. Nilimkuta baba yake ameketi kwenye kiti cha heshima, mzee sana, tumbo likiwa bado zima. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono asiuachie.

"Bibi yako alikuwa mkaidi," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mizinga yenyewe ilishaoza. Hakuna hata mmoja."

"Najua."

"Sasa wewe unaponitazama hivyo, unataka nini?"

"Useme ilikuwa ya nani."

Aliuachia mkono wangu. Akamwita kijana, akamwagiza aniletee soda. Soda niliinywa, maana ilikuwa ya Shija. Muziki ulikuwa mkubwa, na watu walikuwa wakinipungia mkono nikacheze. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya mjomba wangu, nikaendelea kumngoja.