Obiero na Nyar Paris

Obiero anauza makoti ya mtumba katika soko la Kibuye, na kwa kweli ni mtu mwema, ila mbele ya betri akili humruka. Gari lake ni Peugeot kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake, na amelibandika jina Nyar Paris, binti wa Paris. Kila jioni huichomoa betri, huibeba kifuani hadi chumbani na kuilaza kando ya kitanda, upande wa mkewe Lorine, eti wezi wasiichukue. Lorine alimvumilia mke-mwenza huyo kwa miaka. Asidi ilipotoboa kitenge chake cha kanisani, alifunga mkoba akarudi kwao Usenge.

Mwanamume wa kwetu haiti mke kwa simu. Huenda mwenyewe kwa wakwe na msemaji wake, akaketi na kujibu maswali. Msemaji nilikuwa mimi, jirani yake wa Nyalenda, Mungu anisamehe. Nilimsihi tupande gari la abiria, akakasirika. Alitaka wakwe waone kwamba Nyar Paris amepona, betri haivuji tena asidi, na Lorine hana la kulalamikia.

Tulipofika, hakuzima injini. Aliiacha ikinguruma mlangoni, taa zikiwaka mchana kweupe, redio ikipiga muziki wa benga, ili betri ishibe wakati sisi tunakula samaki. Basi gari lile lina dainamo ya kizamani, ambayo huchaji likikimbia. Likisimama likanguruma tu, dainamo haitoi kitu, na taa na redio hula akiba ya betri. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba wivu ni maradhi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndani mambo yalikwenda vizuri. Obiero aliapa mbele ya baba mkwe kwamba tangu leo betri italala nje, na Lorine atatangulia katika kila jambo. Aliyasema kwa machozi, nami nilimwamini. Lorine alicheka, akaenda kuchukua mkoba wake. Hapo redio ikafifia, injini ikakohoa, ikanyamaza.

Jua lilikuwa linashuka, na mkwe halali kwa wakwe. Hiyo ni chira, laana ya kuandama ukoo, na hakuna anayeichezea. Obiero akashika usukani, na watu wote wa boma wakatoka kusukuma: mashemeji, mimi, hata mama mkwe, ambaye kwa desturi hampi Obiero hata mkono. Lorine alitundika mkoba begani akasukuma pia. Tulipita mchangani, tukakanyaga omena ya watu, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa, tukatukanwa, hadi tukaifikia lami. Pale gari likashtuka, likavuta.

Lorine akamwita asimame ili yeye apande. Obiero alitoa kichwa dirishani, uso umejaa huruma ya kweli.

"Nikisimama itazima, Lorine," alisema. "Nitakuja kesho."

Akaenda. Mimi pia aliniacha, lakini hilo ni dogo. Nilimwonea Lorine uchungu, maana alibaki amesimama na mkoba wake mbele ya mama yake na wauza samaki wote.

Lorine alijifuta jasho, akanigeukia.

"Mwambie asisumbuke kuja," alisema. "Mke wake ameshaondoka naye."