Siri ya Dada Yangu Niliipandisha Jukwaani

Kosa ni langu. Yuko mtu aliyenigeuka, nitamsema, lakini mlango nilimfungulia mimi mwenyewe.

Nimekulia Ibadakuli, Shinyanga, na tangu mdogo nilikuwa mcheza ngoma. Mama alipofariki, dada yangu, Mama Kulwa, ndiye aliyenilea. Alipoolewa Kahama akanichukua nikaishi naye Nyasubi. Watu wakimwambia kucheza jukwaani ni uhuni, aliwajibu kwamba mdogo wake anamjua yeye.

Baadaye goti likaanza kunisumbua, nikaacha kucheza nikawa nafundisha. Hapo ndipo akaja Kaka Beni. Alikuwa anatengeneza igizo la nyimbo na dansi kuhusu maisha ya wachimba dhahabu, akanipa kazi ya kupanga dansi yote: nani aingie lini, ageukie wapi, mikono ifanye nini. Jamani, nilivyofurahi! Jina langu likawekwa kwenye bango.

Tukakwama sehemu moja. Mke wa mchimbaji analetewa taarifa kwamba duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, limetitia na mumewe yuko chini. Wachezaji wangu walijitupa, wakapiga mayowe, ikawa kama vichekesho. Kaka Beni akaniuliza kama sijawahi kumwona mwanamke akipokea habari ya namna hiyo.

Nilikuwa nimemwona. Shemeji yangu alifia kwenye duara huko Geita, na taarifa ilipofika nilikuwepo. Dada hakulia. Alikwenda kwenye kamba, akaanua shati la mumewe lililokwisha kukauka, akalichovya kwenye beseni, akalikamua, akalianika. Akalianua tena, akalichovya tena. Mimi na mama mkwe wake tulibaki kumtazama, tukashindwa hata kumshika.

Msibani watu walisema sana, mjane gani huyu halii. Msiba ulipokwisha dada alinieleza sababu, mimi peke yangu. Siku mumewe anaondoka kwenda machimboni waligombana, naye kwa hasira akamwambia, "Nenda. Na ukibaki huko huko, mimi sitalia." Akaniomba nisimwambie mtu.

Nikamwambia Kaka Beni. Nilianza na shati, halafu kwa kuwa alikuwa anasikiliza vizuri, nikatoa na yale maneno. Nikamsihi: shati tulichukue, maneno yaishie hapa. Akaapa kwa jina la mama yake.

Mazoezi ya mwisho ndipo nikayasikia. Mwimbaji alikuwa na ubeti mpya, na ndani yake maneno ya dada kama yalivyo. Kaka Beni alinitazama, kisha akageukia wapiga ngoma.

Ningesema pale pale. Ningewaondoa wachezaji wangu, na igizo lingesimama. Sikusema! Niliwaza bango, nikawaza watu wa Geita na Mwanza watakaotualika. Nikajidanganya kwamba dada hatakuja, ana mchele wake wa kuuza sokoni.

Alikuja. Alivaa kitenge kipya, akaja na mama mkwe wake, wakakaa mbele kabisa. Alikuwa anawaambia waliokaa jirani kwamba dansi hizi kazipanga mdogo wake.

Shati lilipoanikwa jukwaani, yule bibi alimshika dada mkono. Alikuwa amekitambua kitu alichokiona kwa macho yake. Kisha ubeti ukafika. Ukumbi mzima ulikuwa unafuta machozi. Dada peke yake aligeuza shingo, akanitafuta kule pembeni nilikosimama.

Tulipotoka nje, bibi alimwita kwa upole, kama alivyomwita siku zote, mama kwa Kisukuma. "Mayu, ulimwambia mwanangu hivyo?"

Dada hajui kudanganya. Aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe ndiyo maana hukulia," bibi akasema.

Wiki haikuisha. Ukweni walisema alimlaani mumewe. Wakaja kuwachukua mapacha, Kulwa na Doto, wakawapeleka kwao Ushetu. Niliwafuata nikaeleze kwamba yalikuwa maneno ya hasira tu, ya mke na mume. Hata shikamoo yangu haikuitikiwa.

Nikamwendea Kaka Beni nikamwomba autoe ule ubeti. Alinijibu bila kupandisha sauti. "Hayo maneno ndiyo yanayowaliza watu. Na wewe uliyasikia kwenye mazoezi, mbona hukukataa?"

Niliacha kazi. Igizo linaendelea mpaka leo, dansi ni zile zile, na anayezisimamia ni binti niliyemfundisha mwenyewe.

Watoto siku hizi wanaruhusiwa kuja kwa mama yao wakati wa likizo. Dada naye hajanifukuza. Nikienda ananikaribisha, ananipakulia ugali, tunaongea habari za mvua na bei ya mchele. Lakini juzi juzi alilazwa, na mimi niliambiwa na jirani. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia simu, aliendelea kupepeta mchele wake.

"Ningekuambia wewe," akasema, "ungekwenda kumwambia nani?"

Wenzangu mnaocheza, mnaoimba, mnaotunga, nawaomba. Mtu akikupa jambo lake, ni lake. Mkilitaka, nendeni mkamwombe mwenyewe, na akikataa acheni, igizo libaki baya. Watu watacheka siku hiyo, kesho watakuwa wamesahau. Mimi hawakunicheka. Mimi walisimama wakanipigia makofi.