Boti Italala, Haitapinduka

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino na kukariri maneno ya kukaribisha wageni aliyonipa Meneja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi kwa mama Manzese. Boti ilikuwa ndogo, ya tanga moja. Ilichukua wageni ufukweni Mbezi Beach, ikawapeleka kisiwani kuogelea na kuwarudisha. Tulikuwa wawili tu, Nahodha na mie mhudumu.

Nikasimama mchangani nikamwaga hotuba. Nahodha, mzee wa Temeke mwenye asili ya Kiarabu, aliniacha nimalize, halafu akasema taratibu, “Umesema vizuri, mwanangu. Ila yule mama mwenye kofia hajasikia kitu. Anaangalia maji. Vua viatu hivyo, nenda kamshike mkono.”

Nilivua. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nyie mnaotaka kazi hii, jueni kwamba mgeni anapanda boti na hofu, hata anayecheka. Mshike kifundo cha mkono, siyo vidole; vidole vimepakwa mafuta ya jua, vinateleza. Mkalishe kwanza, maji ya kunywa baadaye. Tanga kabla halijashika upepo, mwambie, “Boti italala upande. Italala, haitapinduka.” Ukingoja mpaka ilale ndiyo useme, atadhani unamficha msiba.

Mwenye kichefuchefu mpeleke tezi, yaani nyuma, kusikoruka sana, umwambie aangalie mbali. Akizidiwa, ainamie demani, upande upepo unakoelekea. Siyo joshini, upande unakotoka upepo. Kuna kijana mmoja alibishana na mie, akainamia joshini, na mchumba wake alikuwa kakaa nyuma yake. Sitaki kusema zaidi.

Nahodha alinikataza kutoa pole ovyo. “Ukimpa mtu pole kabla hajaumwa,” alisema, “umemuuguza wewe.”

Kubwa kuliko yote ni choo. Boti ile haikuwa nacho, na wanawake walikuwa wanakaa kimya, hawanywi maji, mwisho kichwa kinawagonga. Kwa hiyo nilikuwa nawaambia mapema, “Mama zangu, dada zangu, choo hakuna. Kuna ndoo, kuna kanga mbili, na kuna mie.” Akiomba mtu, natanda kanga kama pazia kule tezi, namwita Nahodha kwa sauti. Yeye anaangalia mbele tu na usukani wake.

“Nahodha, timu yenu jana mlibebwa na refa.”

“Nani kabebwa? Wewe mpira unaujulia wapi, mtoto wa Manzese?”

Tunagombana hivyo mpaka mgeni amalize, na hakuna aliyesikia kitu. Wengi walikuwa wanarudi mbele wakicheka, na kuanzia hapo boti ni yao. Naukumbuka ule wakati kuliko mshahara. Mtu aliyepanda amejikunja, sasa kanyoosha miguu, anauliza chakula kiko wapi.

Wenzangu wanastaafu kwa umri. Mie nilistaafishwa kwa tumbo. Meneja aliniita akasema, “Wageni wakikuona hivyo hawatakuwa na amani.” Mie. Niliyekuwa nashika vichwa vyao wakitapika. Nikamuuliza ni mgeni gani kalalamika. Akaanza kusoma simu yake.

Mwanangu sasa anakaa mwenyewe, anatambaa mpaka mlangoni. Nampenda. Na kila asubuhi nikimwogesha, mikono yangu inaitaka kazi yake nyingine.

Juzi Meneja akapiga. Msichana mpya, Zaituni, hajui kitu, nikamfundishe. “Akishindwa nitakurudisha wewe,” alisema. Mtoto nikamwachia mama, nikaenda, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu huyo binti awe mzito wa kuelewa.

Hakuwa mzito. Nilimfundisha palepale mchangani, boti ikiwa imefungwa, na alikuwa anauliza maswali ya maana. Nahodha akapita. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akasema, “Tangu umeondoka nagombana na upepo peke yangu,” akaenda zake kukagua kamba.

Nilipofika kwenye ndoo na kanga, Zaituni akainama.

“Dada, na mtu mwenyewe akiwa na hali?”

“Mgeni mjamzito? Akae katikati, asi—”

“Siyo mgeni. Mie. Meneja hajui.”

Nilimtazama. Fulana ya kazi ilikuwa imeanza kumbana. Meneja alikuwa mbele yetu pale, anaongea na dereva. Neno moja tu, na Jumamosi ningekuwa majini. Nililiona lile neno, likaja mpaka kwenye meno.

“Omba fulana kubwa,” nikamwambia. “Sema hii inakubana mabegani. Usibebe kreti ya soda, mwachie Nahodha, atabeba bila kuuliza. Na tafuta mkataba wako leo, usome wanasemaje. Mie sikusoma.”

Akafuta macho kwa kiganja. “Asante, dada.”

“Usinishukuru. Naitaka nafasi yako.”

Meneja akaja, funguo zinalia mkononi. “Vipi, anafaa huyu, au nikurudishe wewe?”

Boti ilikuwa inacheza kwenye kamba yake. Wageni wa asubuhi walishaanza kushuka kwenye gari, mwanamke mmoja kashikilia kofia, anaangalia maji.

“Anafaa,” nikasema.