Salamu ya Mkwe na Kitufe Chekundu

Jamani, hili jambo nikilisimulia nasikia aibu mpaka masikioni, ila afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Bariadi wanaolitia chumvi.

Zilikuwa siku za mwanzo za soko huria, watu binafsi wanafungua vinu vya pamba huku na huku, na bosi wa karakana yetu akaleta mashine ya kompyuta ya kukereza vyuma, unaifunga shafti mara moja tu, yenyewe inakereza, inatoboa, inakata nyuzi za skrubu, kazi ambayo zamani ilizungushwa mashine tatu. Mimi ndiye niliyefundishwa kuiendesha, kichwa kikavimba (mjue nilikuwa nampenda Minza wa Nkololo, na baba yake, Mzee Maduhu, alikuwa haniamini, eti sina ng'ombe na kazi yangu haieleweki). Nikamwita mzee aje aione. Kiherehere hicho ndicho kilichoniponza.

Alinikuta najaribu shafti ya kwanza, mlango wa mashine nimeuacha wazi ili aone vizuri, kidole kiko kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha, maana kipande cha kwanza hakiachwi bila kuangaliwa hata kidogo.

"Mwangaluka," akasema mzee nyuma yangu, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi.

Sasa nyie, mkwe utamwitikia umempa kisogo? Nikaachia kitufe, nikageuka, nikainama, nikampa mikono miwili, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe (salamu zetu mnazijua urefu wake), na tulikuwa bado kwenye ng'ombe niliposikia kishindo. Kisu kimegonga taya zinazoshika chuma, bomba limekatika, na yale maji meupe ya kupoozea yakamlowesha mzee kuanzia kofia mpaka viatu. Karakana nzima ikaangua kicheko.

Mzee Maduhu akajifuta macho taratibu. "Kitu umekabidhiwa, umekiacha ili unisalimie mimi. Na binti yangu utamwacha ukimsalimia nani?"

Iliniuma sana, kwa sababu nilikiacha kwa heshima yake.

Mashine ikatengenezwa, nami nikaapa kwamba ikizunguka siitikii salamu ya mtu yeyote. Baadaye nikasikia Minza anaolewa na mtu wa huko Mwandoya. Asubuhi moja nipo kazini, sauti ikatoka mlangoni, "Mwangaluka." Ilikuwa yake, amepita kuniaga. Nikang'ang'ania kiapo changu, kidole kwenye kitufe, macho kwenye kisu, kimya. Shafti ilitoka safi kabisa. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu.

Siku hizi naitikia kila salamu bila kugeuka, hata ya nisiyemjua. Maana siku ile, jamani, mdomo wangu haukuwa umeshika kitu chochote.