Kifaranga Ambacho Baba Alikiamini

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa safi kuliko kanisa, kwa sababu baba yangu aliifagia kila jioni ili kuikomoa mizimu ambayo yeye mwenyewe alisema haipo. Kijiji chetu cha wafuga ng'ombe na walima pamba, si mbali na Mwakitolyo, kilijua kwamba ukifagia jua likishazama unafukuza baraka. Basi baba alilisubiri lizame. Alikaa mlangoni na ufagio mapajani, macho magharibi, kama muadhini. Likipotea tu, anaanza. Hata kama mama alishafagia mchana, hata kama hakuna jani, alifagia sakafu safi mpaka uani. Bundi akitua juu ya bati, majirani walimfukuza kwa kijinga cha moto. Baba alitoka nje akamwamkia.

"Shikamoo, bundi."

Nimekula jukwaani kwa kichekesho hicho miaka mingi. Masumbwe, Geita mjini, hata machimboni, mbele ya watu wenye vumbi la mawe kwenye kope. Hakijawahi kuniangusha. Huwa nakikatia hapo kwa bundi, nainama, nashuka. Leo nitaendelea.

Baba, Mwalimu Shija, alifundisha sayansi shule ya msingi, na alisema hana imani yoyote. Nilimkubalia kwa muda mrefu. Siku hizi najiuliza. Mtu asiye na imani kabisa, jua likizama anakunywa chai. Baba alikuwa anafagia. Alikuwa na miiko mingi kuliko mzee yeyote wa kijiji: hirizi mwiko, kumtaja mganga mwiko, nyama ya tambiko mwiko hata kama tumelala na njaa siku mbili. Dini za wenzetu angalau zilikuwa na sikukuu.

Tuliishi na mama yake, Bibi Kabula. Macho yake yalikuwa mekundu. Miti kwetu iliisha zamani, naye alikuwa amepika maisha yake yote kwa mavi makavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake hauna adabu. Vikongwe wote kijijini walikuwa na macho hayo hayo. Lakini mwaka ule jirani yetu alizika watoto wawili katika msimu mmoja, na macho mekundu, ambayo kwetu husemwa ni ya mchawi, yaliyokuwa karibu na ua wake yalikuwa ya bibi yangu.

Wakaja wazee watatu, wakiongozwa na mzee Masunga, aliyechunga ng'ombe pamoja na baba utotoni. Waliongea habari za mvua, wakaongea habari za ng'ombe, wakanywa maji. Ndipo mzee Masunga akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwalimu, watu wana maneno. Tuyamalize yangali madogo. Mama yako aje kwa mfumu, atemee kifaranga mate, kipasuliwe, kisomwe mbele ya watu. Basi."

Mfumu ni mganga wetu, anayesoma ndani ya kuku. Mshukiwa anatema mate kinywani mwa kifaranga, kifaranga kinapasuliwa, na ukweli unatafutwa kwenye nyama yake.

"Na kifaranga kikisema ni mchawi?" baba akauliza, kwa sauti ya darasani.

Mzee Masunga akakohoa. "Kitasema vizuri. Tumeshaongea."

"Mmeongea na kifaranga?"

"Tumeongea na mwenye kifaranga."

Wale wawili wakacheka chini chini. Bibi, aliyekuwa akipepeta mtama pembeni, naye akacheka. "Kileteni," akasema. "Mate ninayo mengi. Meno ndiyo sina."

Baba hakucheka. Alisimama. "Mama yangu hataoshwa kosa ambalo halipo duniani. Akitema mate tu, tumekubali kwamba uchawi upo."

"Hatujakuomba ukubali, Shija. Tumeomba aje."

"Hapana."

Mzee Masunga akageuza kikombe cha maji mkononi. "Basi watamtenga. Na nyinyi pamoja naye. Hapo mimi sitakuwa na la kufanya."

Kutengwa kwetu hakuna kelele. Hakuna anayekugusa. Salamu yako haijibiwi, moto huazimwi, na ukipiga mwano hakuna anayekuja. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbilia sauti inakotoka, hata kama anayeupiga ni adui yako. Mwano wa aliyetengwa ni upepo.

"Kimya hakijawahi kuua mtu," baba akasema.

Wazee walipoondoka bibi akamwita. "Shija mwanangu. Kuku humwamini, sawa, hata mimi sijui kama namwamini. Mwano je? Siku utakapopigwa hapa, nani atakuja?"

Jua lilikuwa linazama. Baba akachukua ufagio.

Bibi hakubadilika. Kila asubuhi akienda kisimani alimwambia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, kila aliyekutana naye, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alijijibu mwenyewe kwa sauti nzito ya kiume, akijiuliza habari za ng'ombe na za wake wote wanne. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kila ninachokijua jukwaani nilikiona kwanza kwenye njia ile ya kisimani.

Nyoka alimuuma wakati wa kuchuma pamba, asubuhi, jua limeshapanda. Baba alikuwa shuleni, mama gulioni, mimi nyumbani na homa. Bibi alikuwa ameingiza mkono kwenye rundo la mavi makavu achukue ya kupikia. Akaja taratibu akaketi kizingitini.

"Nyoka," akasema. "Usilie. Piga mwano."

Nilikuwa na miaka tisa na sauti kubwa. Nikapanda juu ya kichuguu nikapiga. Ng'ambo ya njia, shambani, migongo yote ikanyooka. Niliwaona mmoja mmoja, magunia ya pamba kiunoni. Niliona mkokoteni wa mzee Masunga ukingoni mwa shamba, ng'ombe wameshafungwa nira, tayari kwa safari; ungeweza kumfikisha bibi zahanati. Mzee Masunga akapiga hatua moja. Akawatazama wenzake. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye.

Kisha migongo ikainama tena.

Nikapiga tena. Nikapiga mpaka nikatapika. Nimewahi kukutana na watu wagumu kucheka, wengine wamelewa, wengine wamefiwa. Hakuna walioninyamazia kama shamba lile la pamba.

Nikakimbia shuleni. Baba alikuja kwa baiskeli, mimi nyuma yake. Tulimkuta bibi ameegemea ukuta, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesubiri salamu yake ijibiwe.

Kaburi tulilichimba watatu: baba, mimi, na baba mdogo aliyetoka Ibadakuli. Baba alisema mbele ya udongo ule, "Ni sumu ya nyoka. Hakuna kingine." Akarudia mara tatu. Midomo yake ilitetemeka kama ya mtu anayesali.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Amezeeka, ila kichwa kipo.

"Baba," nikasema, "ungemwacha bibi ateme mate, ingekuwaje?"

"Ningekuwa nimeabudu."

"Na mzee Masunga, unadhani alikiamini kile kifaranga?"

Akageuka kutazama jua limefika wapi.

Mimi ni mtu wa maigizo, na nimeuigiza ua ule kichwani mara nyingi. Wazee walijua ni mchezo. Mfumu alijua, alishapewa maneno yake. Bibi alikuwa na mate tayari. Katika watu wote wale, aliyeamini kwamba kifaranga kimoja kina nguvu ya kubomoa dunia alikuwa baba yangu, asiyeamini kitu. Sisemi wazee walikuwa wema. Nilikuwa juu ya kichuguu, niliwaona wakiinama.

Nami siamini uchawi. Bibi hakuwa mchawi, na baba alikuwa sahihi. Nimepekua hoja yake miaka yote hii nikitafuta kosa, sijaliona. Tulimzika watu watatu, tukiwa sahihi kabisa.

Jua likazama. Baba akainuka, akapapasa ukuta akautafuta ufagio, akaanza kufagia sakafu niliyoifagia mimi mchana. Alipofika kwenye kiti changu nikainua miguu, kama mtu anayepisha ibada ya mwenzake.