Kompyuta Isiyo na Nguo

Kuna harufu moja ambayo nikiinusa naacha kila ninachofanya: vumbi lililopata moto, limechanganyika na pamba ya khanga. Juzi mteja alileta kompyuta kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Masasi, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma kama mwali anayepelekwa kwa mumewe. Nilipokifunua harufu ikanipiga, nikawa tena na miaka kumi na mitatu, nimepiga magoti kwenye sakafu ya nyumbani kwetu, bisibisi mkononi, nimekasirika.

Mama alikuwa akichapia watu kazi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi: meza, printa, kompyuta moja, na shelfu ya karatasi aliyoipigilia baba mwenyewe. Baba alikuwa mkulima hodari wa mikorosho, na sifa zake za ufundi tuziache hapo. Jumamosi moja ya Novemba shelfu iling'oka, rimu zote zikatua juu ya boksi la kompyuta, likabonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Baba alikuwa shambani Lukuledi na korosho zake, kwa hiyo lawama zilikosa wa kuzipokea.

Ubaya wenyewe ni kwamba ilikuwa mitihani ya kufunga mwaka. Walimu wa shule nne walikuwa wameshampa mama mitihani yao, na yote ilitakiwa Alhamisi asubuhi. Mwalimu ni mteja mzuri, lakini ukimwangusha mara moja anahama, na walimu wakihama wanahama kama nyuki, wote na malkia wao. Mama alikaa chini, akaanza kuokota rimu moja moja na kuzifuta vumbi.

Fundi mmoja wa karibu na stendi akaitwa. Akainama, akagonga mara mbili kwa kidole, akasema imekufa. Kisha, kwa huruma nyingi, akajitolea kuibeba akatusaidie kuitupa. Nilikuwa mdogo, ila nilishakaa sokoni na bibi tukiuza mbaazi kiasi cha kujua kwamba mtu anayekimbilia kubeba takataka yako ameona kitu. Nikamwambia, kwa adabu zote, asante fundi, tutaitupa wenyewe.

Alipoondoka nikaifungua. Si kwamba nilikuwa na akili nyingi. Kila mwisho wa mwezi mimi na mama tulikuwa tunaifungua kuipiga brashi, maana vumbi la barabara yetu haliogopi mlango, na katika daftari nilishachora kila waya unapoanzia na unapoingia. Nikakagua ndani mara mbili. Kilichoumia ni bati na kitufe cha kuwashia. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, ilikuwa nzima, feni zinazunguka ukizisukuma kwa kidole, diski haina hata mkwaruzo.

"Mama," nikasema, "haijafa. Imebomokewa nyumba tu. Tuitengenezee kitanda."

Mama akapiga magoti karibu nami. Akauliza skrubu ziko ngapi. Nikahesabu kumi na tisa, nikarudia zikawa kumi na nane, nikarudia tena kwa hofu mpaka mama akanionyesha kwamba ile ya kumi na tisa nimeiuma kwenye meno. Basi akasema, anza.

Kwa fundi wa madirisha nilipata vipande vya aluminiamu alivyokuwa anavisukuma kwa mguu, na kwa seremala kipande cha plaiwudi. Jumapili nzima tulipima, tukakata, tukatoboa. Miguu minne, ubao katikati, mazabodi imekaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba isiguse kitu, diski pembeni, waya zote zinaonekana kama mishipa ya mkono wa mzee. Hakukuwa na ubavu wala paa.

Kitufe nilikwenda kukinunua duka la vifaa vya ujenzi. Nilitaka kile cha kengele ya mlango. Muuzaji akasema kengele na kitufe vinauzwa pamoja. Nikamwambia kwetu watu wanapiga hodi, kengele ya nini? Akasema basi niache. Nikakaa kwenye mfuko wa saruji, nikawasalimia wateja wake wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka akachoka. Niliondoka na kitufe bila kengele, na mpaka leo najiuliza aliyeinunua ile kengele anaibonyeza na nini.

Tulipokiunga nikabonyeza. Feni zikaanza kuvuma, ubao ukatetemeka kidogo, skrini ikawaka. Mama akanong'ona Alhamdulillahi, akavuta kiti, akaanza kuchapa kana kwamba tulikuwa tumemchelewesha.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka wake karibu na mlango. Ni mama yake mama, alikuwa ameshuka kutoka Newala kukaa nasi msimu ule, na aliniita mke mwenzake, kwa madai kwamba nilizaliwa ili nimpore babu. Aliitazama ile kazi yangu juu mpaka chini.

"Mke mwenzangu, umemvua nguo mwenzio halafu umemweka mlangoni, wageni wapite wakimwona."

Nikacheka. Nikamwambia joto linatoka vizuri zaidi akiwa hivyo. Bibi akasema na mimi nitoke hivyo, kwa kuwa Masasi kuna joto.

Jumatatu nilirudi kutoka shule nikamkuta mama ameshika kichwa. Alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, aliporudi kompyuta imezima, na kurasa tatu za Sayansi zimepotea. Jumanne tena, wakati ule ule, akapoteza Hisabati. Nilifungua na kufunga kila skrubu, kumi na tisa na kumi na tisa. Sikuona kosa. Mama hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko kama angenilaumu. Alisema tu kwamba ikizima kesho, atawarudishia walimu karatasi zao na kuwaomba radhi. Nikaapa haitazima.

Jumatano, mapumziko ya mchana, nilitoroka shule. Nilifika kwa kukimbia, nikachungulia mlangoni. Mama yuko uani anatawadha. Bibi amesimama mbele ya kompyuta yangu, anaizungushia khanga taratibu, miguu mpaka kichwa, anachomeka ncha kama anayembeba mtoto mgongoni. Na ile harufu, vumbi la moto na pamba.

Niliitoa khanga kwa nguvu ambayo leo naionea haya. Nikamwambia bibi anatuua. Hakukasirika.

"Alikuwa anatetemeka," akasema. "Anapumua kwa shida. Nikimfunika anahangaika kidogo, kisha anatulia kabisa. Akitulia namfunua."

Newala kuna baridi na ukungu, na anayetetemeka hufunikwa. Mimi mwenyewe nilishafunikwa na mikono ile kila malaria iliponikamata. Nikakaa chini, nikamweleza kwamba kule kutulia ndiko kuzimia. Bibi akashika mdomo. Halafu, kwa kuwa alikuwa yeye, akaanza kupatana bei. Kuachwa uchi mbele ya watu hakukubali. Nikasema kufunikwa sikubali. Yeye akataka angalau upande wa mlangoni. Mimi nikataka nafasi ya dhiraa mbili. Tukaishia kwenye shubiri mbili: khanga ikatungikwa kwenye kamba kati ya kompyuta na mlango, ubavu wa dirishani ukaachwa wazi. Ikawa inazuia vumbi pia, ingawa hilo sikumwambia, angepandisha dau.

Siku ile haikuzima. Mama alirudia Sayansi, akarudia Hisabati, nami nikawa namsomea karatasi za walimu kwa sauti. Kabla ya magharibi mtihani wa mwisho ulikuwa unatoka kwenye printa. Alhamisi walimu wakaja wakachukua, na mwaka uliofuata wakaja tena, wote na malkia wao.

Kompyuta ile ilitusomesha mimi na wadogo zangu. Pazia lile lilikaa pale miaka mpaka rangi zikaisha. Nakumbuka pia kwamba tangu msimu ule bibi alikuwa akivaa mchanganyiko: khanga nzuri kiunoni, na begani kuukuu iliyofifia, isiyofanana nayo hata kidogo. Wanawake wenzake msibani na harusini walimtania kwamba amezeeka, nguo zinavaana zenyewe. Alicheka nao. Mimi nami niliamini ni uzee.

Juzi, baada ya mteja yule kuondoka, nilikwenda sokoni kutafuta khanga ya kutungika mbele ya meza yangu ya kazi. Nilitaka upande mmoja tu, kwa nusu ya bei, nikaanza mtindo wangu wa kukaa na kusalimia wateja. Mama muuzaji akaniangalia kama niliyemtukania ndugu.

"Mwanangu, nani anayevunja doti?"

Nikainuka nilipokaa. Mimi niliyehesabu skrubu kumi na tisa mara mbili kila siku, nilikuwa sijahesabu mpaka mbili. Khanga ile ya pazia ilikuwa upande wa doti mpya, baba alimletea bibi baada ya kuuza korosho za kwanza. Bibi aliivunja kwa ajili ya kitu alichokiogopa, kwa sababu alikiona kinatetemeka na kinatulisha.

Nililipa bei aliyoitaja muuzaji. Jumapili nikapanda Newala na doti nzima, nikamkuta bibi kwenye mkeka wake, macho yamepungua, ulimi bado. Akaipapasa khanga, akaifungua kwa urefu wake wote, akaomba mkasi. Akakata katikati, akakunja upande mmoja, akanirudishia.

"Huu ni wa mgonjwa wako," akasema. "Shubiri mbili, usinidhulumu."